Droni ya Kivita Huona Nini Hasa? Maelezo kwa Sisi wa Lamu

Tarehe 5 Januari 2020, kabla ya kupambazuka, wapiganaji wa al-Shabaab waliuvamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, penye kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya wanamokaa pia wanajeshi wa Marekani. Waliwaua Wamarekani watatu, mwanajeshi mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi, na wakateketeza ndege kadhaa. Mojawapo ilikuwa Dash 8 ya upelelezi, iliyokuwa ikijongea uwanjani tayari kuruka. Kazi ya ndege ile ilikuwa kutazama chini na kuwatambua watu wa aina ile ile walioipiga kwa roketi za begani.

Tangu siku hiyo kuna swali ambalo halijaisha mabarazani, Mkunguni, Mokowe, Hindi na hata Kizingitini: ikiwa Wamarekani wana droni zinazoona kila kitu, iliwezekanaje kundi la watu wazima wenye silaha litoke vichakani lisionekane? Majibu mengi yanayotolewa yametoka kwenye sinema. Lakini swali lenyewe ni zuri. Ukilifuata mpaka mwisho utaelewa droni ya kivita ni nini, inaweza nini na inashindwa na nini. Sisi tunaoishi kati ya kambi ya kijeshi, Msitu wa Boni na mpaka wa Somalia tuna sababu ya kuyajua hayo kuliko Mkenya mwingine yeyote.

Tuanze na chombo kikubwa, MQ-9 Reaper ya Marekani, kwa sababu ndicho watu wengi hukifikiria wanaposikia neno droni. Mabawa yake yana upana wa mita 20. Hukaa angani zaidi ya saa 20 bila kutua, na inaweza kuruka juu kiasi kwamba aliye chini haioni wala haisikii. Chini ya pua yake kuna mpira wa vioo unaozunguka kila upande. Humo ndani mna kamera ya mchana, kamera inayoona joto badala ya mwanga, na leza ya kupimia umbali na kumwonyesha kombora mahali pa kupiga. Ina pia rada inayoweza kuchora picha ya ardhi hata kukiwa na mawingu. Kombora lake linalojulikana zaidi, Hellfire, lina uzito wa karibu kilo 50.

Hiyo ndiyo sehemu inayoonekana, na si sehemu kubwa. Ndege hiyo hurushwa na kutuliwa na kikosi kilicho karibu na uwanja, halafu uendeshaji hukabidhiwa watu wawili waliokaa kwenye chumba kilichofungwa, mara nyingi katika jangwa la Nevada, Marekani. Mmoja huiendesha, mwingine husimamia kamera. Amri zao hupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka kwenye ndege, na picha hurudi kwa njia hiyo hiyo, zikichelewa kwa sekunde moja au zaidi. Kucheleweshwa huko ndiko kunakofanya kutua kuachiwe watu wa karibu. Nyuma ya hao wawili wapo wachambuzi wanaotazama video ile ile kutoka miji mingine, wapo wanasheria wa jeshi, na yupo kamanda mwenye mamlaka ya kusema piga au acha. Kwa hiyo mtu anayetembea kwenye njia ya vumbi kusini mwa Somalia huenda anatazamwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga nchi hiyo wala kusikia lugha yake.

Nimeanza na mnyororo huu wa watu kwa makusudi. Makosa mengi ya droni hayatokei kwenye injini wala kwenye kombora. Kombora huenda pale lilipoelekezwa. Makosa hutokea pale mtu anapotazama picha na kuamua kwamba anachokiona ni adui.

Sasa, kuhusu kuona. Kamera ya droni inaweza kuvuta picha mpaka umtambue mtu aliyebeba jembe. Lakini inavyovuta zaidi, ndivyo eneo inaloliona linavyozidi kuwa dogo. Ni kama kuchungulia bahari kupitia bua la jani la mpapai: utamwona aliyekaa kwenye dau hadi kofia yake, lakini jahazi linalopita kando yake hutaliona. Kuliona eneo zima lazima urudi nyuma, na ukirudi nyuma watu wanakuwa vidoa. Hakuna jeshi lenye droni za kutosha kuujaza msitu mzima kwa macho ya karibu kila saa.

Pili, majani. Kamera ya joto haipenyezi kwenye majani mazito. Mikoko ya Lamu na vichaka vya Boni ni paa la asili, na aliye chini yake akitulia ni vigumu sana kupatikana. Wakati wa masika mawingu hushuka na kuziba kamera, ikabaki rada, ambayo huona gari na jengo vizuri kuliko inavyomwona binadamu. Kwa droni ndogo, upepo wa kusi unatosha kuzizuia zisiruke. Kwa hiyo kwamba wapiganaji waliufikia uwanja wa Manda Bay bila kuonekana si muujiza wala si lazima uwe njama. Uchunguzi wa jeshi la Marekani lenyewe ulilaumu ulinzi dhaifu wa kambi na uzembe wa kudhani kwamba adui asingethubutu. Aliyezoea kutazama mbali kutoka juu husahau kutazama ukingo wa uwanja wake.

Wazo la kutuma ndege bila mtu ni la zamani karibu sawa na ndege yenyewe. Mwaka 1918 Wamarekani walijaribu ndege ndogo ya mbao iliyobeba baruti, Kettering Bug, iliyopangwa ikate mabawa na kuanguka baada ya propela kuzunguka idadi fulani ya mizunguko. Vita viliisha kabla haijatumika. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na Queen Bee, ndege iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wajifunzie shabaha. Katika vita vya Vietnam, Marekani ilirusha droni za kupiga picha zaidi ya safari 3,000. Lakini waliogeuza mambo ni Waisraeli, ambao mwaka 1982 katika Bonde la Bekaa, Lebanon, walitumia droni kuzichokoza rada za Syria ziwake, wakajua zilipo, kisha wakazipiga kwa ndege za kawaida. Mhandisi Abraham Karem, mzaliwa wa Baghdad aliyekulia Israel na kuhamia Marekani, ndiye aliyebuni chombo ambacho hatimaye kilizaa Predator, droni ya Marekani iliyoitangulia Reaper. Iliruka mara ya kwanza 1994 na mwaka uliofuata ilikuwa juu ya Bosnia, ikipiga picha tu.

Halafu wakaifunga makombora. Predator yenye silaha ilishambulia kwa mara ya kwanza Afghanistan tarehe 7 Oktoba 2001. Mnamo Novemba 2002 Predator nyingine ililipiga gari nchini Yemen na kuwaua watu sita waliokuwa ndani, akiwemo mmoja aliyehusishwa na shambulio la meli ya kivita ya Marekani, USS Cole. Yemen haikuwa uwanja wa vita vilivyotangazwa. Hapo ndipo kazi ya droni ilipobadilika: ikawa chombo cha kumfuata mtu mmoja popote alipo, hata katika nchi ambayo haina vita na aliyefyatua.

Mlolongo huo ulifika jirani yetu mapema. Marekani iliweka droni zake Djibouti, kwanza Camp Lemonnier na tangu 2013 katika uwanja wa Chabelley ulio kando ya mji. Kwa miaka kadhaa zilirushwa pia kutoka Arba Minch nchini Ethiopia na kutoka Ushelisheli. Mashambulizi yake ya droni Somalia yalianza kuripotiwa 2011. Tarehe 1 Septemba 2014 shambulio la anga lilimuua Ahmed Abdi Godane, kiongozi wa al-Shabaab. Machi 2016 droni na ndege zenye marubani zilipiga kambi ya mafunzo ya Raso, na Marekani ikasema iliwaua wapiganaji wapatao 150. Sitalificha hili: kwa watu wa Lamu ambao Juni 2014 walizika zaidi ya watu 60 waliouawa Mpeketoni na vijiji jirani, habari kama hizo zilipokewa na wengi kama afueni. Nani asingetaka wauaji wale wafikiwe kabla hawajavuka mpaka?

Lakini tuangalie kisa kingine. Tarehe 1 Aprili 2018, karibu na mji wa El Buur katikati mwa Somalia, droni ya Marekani iliipiga pikapu. Taarifa ya kwanza ilisema waliouawa ni magaidi watano na hakuna raia aliyedhurika. Mwaka mmoja baadaye jeshi lilikiri kwamba ndani ya gari lile mlikuwa na mama na mtoto wake mdogo. Walikuwa wameomba lifti. Kombora lilikuwa sahihi. Walioliongoza hawakujua nani yumo. Tunapoambiwa kwamba silaha hizi zina usahihi mkubwa, tuulize usahihi wa nini: wa kupiga gari lililokusudiwa, au wa kumjua aliyekaa ndani yake?

Wanajeshi wana njia mbili za kuchagua wa kupiga. Ya kwanza ni kumjua mtu kwa jina na sura, kufuata simu yake, nyumba yake, gari lake. Ya pili ni kutazama mienendo: kundi la wanaume, usiku, mahali panapojulikana kuwa na wapiganaji, wamebeba vitu virefu, wanatembea kwa kufuatana. Hii ya pili ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu maisha ya watu wengi wasio na hatia yana mienendo hiyo hiyo. Waboni, yaani Waaweer wa Basuba, Mararani na Milimani, huingia msituni kwa vikundi kurina asali, wakiwa na mashoka na mienge ya moto. Wafugaji hulala porini na mifugo, wengine na bunduki za kujikinga. Wavuvi wetu hutoka usiku na karabai, injini zao zikiwa na joto linalowaka kwenye kamera kama taa, na huzima na kukaa kimya wanaposubiri wavu. Kwa anayetazama kutoka mbali, kikundi cha warina asali na kikundi cha wapiganaji vina umbo moja.

Tarehe 3 Desemba 2023 katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, Nigeria, watu walikuwa wamekusanyika usiku kwa Maulidi. Droni ya jeshi la Nigeria iliwapiga. Idara ya maafa ya nchi hiyo ilihesabu maiti 85 waliozikwa, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na manusura walisimulia kwamba bomu la pili liliwakuta waliokuwa wamekimbilia kuwaokoa wa kwanza. Jeshi lilikiri kosa na kueleza kwamba waendeshaji walikuwa wameisoma vibaya mienendo ya watu waliowaona. Aliyewahi kukaa kwenye uwanja wa Msikiti wa Riyadha usiku wa Maulidi, mikeka imetandikwa, matari yanapigwa, watu wamekuja kwa mashua kutoka Pate na Siyu na Faza, ataelewa mara moja kamera ya joto ingeona nini: mamia ya vidoa vyeupe vimejikusanya gizani, vinayumba pamoja. Kamera haisikii kaswida.

Droni iliyotumika Tudun Biri haikuwa ya Marekani, na hilo linatuleta kwenye mabadiliko makubwa ya miaka kumi iliyopita. Teknolojia hii imetoka mikononi mwa mataifa mawili matatu makubwa. Uturuki, iliyokuwa ikinyimwa droni zenye silaha, ilitengeneza Bayraktar TB2: mabawa ya mita 12, uzito wa kilo 700, injini ya kawaida ya ndege ndogo za kiraia, mabomu madogo manne yanayoongozwa kwa leza. Si ya kasi, na katika umbo lake la kwanza iliongozwa kwa redio kutoka kituo cha ardhini badala ya setilaiti, hivyo haikuweza kwenda mbali kama Reaper. Lakini bei yake hukadiriwa kuwa karibu dola milioni 5, wakati Reaper na vifaa vyake hufikia dola milioni 30. Nchi ambayo haikuweza hata kuota kuwa na jeshi kubwa la anga sasa inaweza kununua sita. Ethiopia, Mali, Burkina Faso, Niger, Togo, Nigeria, Morocco na Somalia zote zimezipata.

Matokeo tumeyaona kote kuwili. Serikali ya Ethiopia ilizuia majeshi ya Tigray yasiufikie mji mkuu mwishoni mwa 2021, na droni zilichangia sana. Tarehe 7 Januari 2022 shambulio la droni liliangukia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray, na kuua zaidi ya watu 50. Tarehe 18 Machi 2024, karibu na kijiji cha Bagdad, Shabelle ya Chini, mashambulizi ya TB2 yaliua raia 23, kumi na wanne kati yao watoto, kwa mujibu wa Amnesty International. Marekani angalau ina ofisi ya kuulizwa na wabunge wanaouliza. Serikali nyingi zilizonunua silaha hii juzi hazina hata daftari la kuandika malalamiko.

Kuna droni moja ambayo wavuvi wetu wanapaswa kujua asili yake. Inaitwa ScanEagle, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoipata kwa msaada wa Marekani. Mabawa yake ni mita tatu tu. Haihitaji uwanja: hurushwa kwa manati inayosukumwa na hewa iliyobanwa, na ikirudi hunaswa na kamba inayoning'inia kwenye mlingoti, ncha ya bawa ikijikwamisha hapo. Hukaa angani zaidi ya saa 20, haina silaha, kazi yake ni kutazama tu. Chombo kilichoizaa, SeaScan, kilibuniwa ili meli za kuvua jodari zitafute mafungu ya samaki. Ndiyo, iliundwa kwa uvuvi, halafu jeshi likaitaka. Nalisema hili kwa sababu watu wengi hudhani teknolojia hutoka jeshini kwenda kwa raia. Kwa droni, mara nyingi imekuwa kinyume, na hivi sasa ndivyo inavyokwenda kwa kasi kuliko wakati wowote.

Tazama vijana wanaopiga picha za harusi na mashindano ya punda hapa mjini. Kidroni chao kina propela nne, betri ya dakika thelathini hivi, kamera na rimoti yenye kioo. Kinapaa kwa mlio kama wa nyuki waliochokozwa na watoto wanakikimbilia hadi ufukweni. Sasa kiondoe kamera ya gharama, kifunge kichwa cha roketi kwa kamba za plastiki, mvishe mwendeshaji miwani inayomwonyesha anachokiona kidroni, na umepata silaha iliyoua watu wengi kupita kiasi Ukraine tangu 2022. Gharama yake ni kama dola 400 au 500, na inaweza kuharibu kifaru cha mamilioni. Ukraine ilitengeneza zaidi ya milioni moja mwaka 2024 peke yake. Askari hawezi tena kutoka kwenye handaki mchana, na barabara zilizo kilomita kumi na zaidi kutoka mstari wa mbele si salama kwa gari wala kwa anayekwenda kumchukua majeruhi.

Namna ya kujikinga ilianza na kuvuruga mawimbi ya redio, ili mwendeshaji apoteze picha. Waundaji wa droni wakajibu kwa kuzifunga waya wa faiba wa kupitisha picha na amri, mwembamba kuliko uzi wa mshipi, unaofunguka kutoka kwenye kigurudumu droni inavyokwenda, kilomita 10 hata 20. Hakuna redio, hakuna cha kuvuruga. Mashamba ya Ukraine sasa yametanda nyuzi hizo. Na kinga mojawapo iliyobaki ni ile tunayoijua sisi vizuri: nyavu. Barabara zimefunikwa kwa nyavu za kuvulia samaki zilizochakaa, nyingine zilizotolewa na wavuvi wa Ufaransa, ili vidroni vinase kabla ya kufika.

Kati ya kile kidogo cha harusi na Reaper kuna aina ya tatu, droni ya kwenda bila kurudi. Shahed-136 ya Iran ina umbo la pembetatu, upana wa mita mbili na nusu, injini yenye kelele kama ya pikipiki, na baruti za kilo 40 hadi 50 puani. Hupewa alama za mahali, ikarushwa, ikaenda mamia ya kilomita na kujilipua. Urusi imezirusha kwa maelfu kwenye miji ya Ukraine tangu Septemba 2022. Moja hukadiriwa kugharimu kati ya dola 20,000 na 50,000, wakati kombora la Patriot la kuidungua hugharimu karibu dola milioni 4. Anayejikinga hufilisika kabla ya anayeshambulia. Wahouthi wa Yemen walitumia hesabu hiyo hiyo dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023, na makampuni makubwa ya meli yakaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Njia hiyo hupita upande wetu wa bahari. Vita vya droni vya Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, vimebadilisha ratiba za meli mpaka Mombasa na bandari mpya ya Lamu. Mei 2025 droni zilifika Port Sudan, mji uliokuwa kimbilio tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, zikawasha matangi ya mafuta na kupiga uwanja wa ndege.

Ndiyo maana nasema hatari ya kesho kwetu huenda isitoke kwenye Reaper. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba al-Shabaab hutumia vidroni vya madukani kupeleleza na kupiga picha za propaganda. Kutoka hapo hadi kukifunga bomu si safari ndefu. Makundi ya Syria na Iraq yalikwishaifanya karibu miaka kumi iliyopita. Kambi, bandari, kituo cha polisi cha mpakani, vyote vilijengwa vikimtarajia adui wa miguu au wa gari.

Kuhusu akili bandia nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mengi yanayosemwa ni uvumi. Kilichopo tayari ni programu inayoshikilia shabaha: mwendeshaji humchagua wa kupigwa, na hata mawimbi yakikatika droni humalizia yenyewe. Hatua inayofuata ni mashine kuchagua yenyewe. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, ametaka mkataba wa kuzipiga marufuku silaha za namna hiyo ifikapo 2026, na mataifa yenye nguvu yamekuwa yakivuta miguu. Ikiwa binadamu aliyetazama Maulidi ya Tudun Biri aliona kambi ya adui, sioni kwa nini tuikabidhi mashine iliyofundishwa na binadamu huyo huyo.

Sheria inasema nini hapa nyumbani? Kwa raia, iko wazi. Kanuni za droni za 2020 zinataka kila chombo kiandikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na huruhusiwi kukirusha karibu na kambi za kijeshi au viwanja vya ndege bila kibali. Kijana wa Lamu anayekaribisha watalii kwa picha za juu asilichukulie jambo hili kama mzaha. Hapa ni eneo la operesheni ya usalama, na kidroni kisichojulikana kinaweza kumletea balaa.

Kwa jeshi, mambo hayako wazi hivyo. Kifungu cha 241 cha Katiba kinasema Jeshi la Ulinzi linaweza kupelekwa kurejesha amani katika sehemu ya Kenya yenye machafuko pale tu Bunge la Taifa linapotoa idhini. Operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab msituni, ilianza 2015, na tangu hapo watu wa Basuba wamezoea kusikia milipuko msituni bila kuelezwa. Septemba 2020 gazeti la New York Times liliripoti kwamba kamandi ya Marekani barani Afrika, AFRICOM, ilikuwa ikiomba mamlaka ya kushambulia kwa droni ndani ya sehemu za mashariki mwa Kenya, kufuatia yale ya Manda Bay. Ardhi inayotajwa hapo si jangwa tupu. Ni mashamba ya Hindi, malisho ya Ijara, misitu ya Waboni. Mjadala wa jambo zito namna hiyo ulipaswa kufika Lamu, kwenye lugha ya watu wa Lamu, kabla ya kufika gazetini New York.

Na likitokea kosa, nani wa kuulizwa? Tangu 2020 AFRICOM imeweka fomu kwenye mtandao ambamo mtu anaweza kuripoti kwamba raia ameuawa au kujeruhiwa, na ikaanza kutoa ripoti za robo mwaka. Bunge la Marekani limeruhusu hadi dola milioni 3 kwa mwaka zilipwe kama pole kwa waathiriwa. Fomu hiyo inahitaji simu yenye intaneti, mahali kamili, saa na tarehe, katika nyika ambako mtandao hukatika kwa siku nyingi na wapiganaji humuua anayeshukiwa kuzungumza na Wamarekani. Jamaa za mama na mtoto wa El Buur waliifuata njia hiyo. Desemba 2023, karibu miaka sita baada ya pikapu ile kupigwa, zaidi ya mashirika ishirini ya kutetea haki yaliiandikia wizara ya ulinzi ya Marekani barua kuitaka iwaombe radhi na kuwalipa, kwa sababu mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amefanya hivyo.